Ukuta wa Studio Usio na Kona: Mstari, Ufa, Wimbi na Doa

Picha ya kwanza niliyopiga mbele ya ukuta wangu mpya wa studio pale Sinza, Dar es Salaam, ilikuwa ya bibi harusi. Gauni jeupe, ukuta mweupe, sakafu nyeupe, na nyuma ya magoti yake mstari wa kijivu umepita kutoka kushoto hadi kulia kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa macho sikuwa nimeuona. Nikamwita fundi, akaja, akapapasa ukuta kwa kiganja, akasema, "Bosi, ukuta uko poa, hizo ni taa zako." Nikabisha. Nikamlipa tena apige upya pati, ule ujiuji wa kulainishia ukuta kabla ya rangi, na mstari ukabaki palepale. Alikuwa amesema kweli, ila nusu: taa nilikuwa nimezipanga vibaya, na mpindo aliojenga ulikuwa mdogo mno.

Nazungumzia ukuta ule ambao wapiga picha huuita saiklorama, wengine infiniti. Sakafu inapanda taratibu na kugeuka ukuta bila kona, ili anayepigwa picha aonekane hana kitu nyuma yake. Kwetu wengi huujenga ndani ya fremu ya kupanga, yaani chumba cha biashara, kwa mbao, plaiwudi nyembamba na pati. Malalamiko yanayoletwa baadaye ni yaleyale, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili, nikianza na chanzo ninachokikuta mara nyingi na kumalizia na kile cha nadra.

Maneno mawili tuelewane. Mpindo ni ile robo duara inayounganisha sakafu na ukuta. Mbavu ni vipande vya mbao nene, kwa kawaida marini bodi ya milimita 18, vilivyokatwa kwa umbo la mpindo na kusimamishwa nyuma yake ili plaiwudi ipate pa kushika.

Kwanza: ni ukuta au ni taa?

Usiguse msasa kabla ya kujibu swali hili. Subiri usiku, zima kila kitu, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni mwa ukuta, mwanga uende ukiparuza uso wake. Kila kilima kitatupa kivuli, kila bonde litaonekana, kila kichwa cha skrubu kitajitokeza. Tembea na tochi polepole na uweke alama kwa penseli. Usitumie maka peni. Wino wake hupenya rangi ya maji na kurudi juu hata ukipaka mikono mitatu.

Kisha washa taa za ukuta peke yake, piga picha ya ukuta mtupu, na upunguze mwanga kwenye kamera mpaka ukuta uonekane kijivu cha kati. Ukuta ukiwa mweupe pepe, kamera hufunika makosa. Ukiwa kijivu, giza lolote litajitaja. Sasa sogeza taa moja hatua mbili, upige tena. Giza likihama pamoja na taa, kosa ni la taa. Likibaki palepale, kosa ni la ukuta. Kazi hii ni ya dakika kumi, na ningeifanya mapema ningeokoa gharama ya pati ya mara ya pili.

Dalili ya 1: mstari wa kijivu pale sakafu inapogeuka ukuta

Chanzo cha kawaida ni taa. Ukuta umesimama, kwa hiyo taa iliyo mbele yake huupiga usoni. Sakafu imelala, na taa ileile huipitia juujuu tu. Ndiyo maana sakafu hutoka nyeusi kuliko ukuta hata kama rangi ni ya ndoo moja. Kazi ya mpindo ni kuyeyusha tofauti hiyo polepole, lakini haiwezi kuifuta.

Anza na haya, hayana gharama. Pandisha taa za ukuta juu na uzielekeze chini kidogo, ili sehemu ya mwanga iangukie kwenye mpindo na sakafu ya nyuma. Weka moja kila upande, si moja katikati. Msogeze mtu mbele, mita 2 hadi 2.5 kutoka ukutani, ili kivuli chake kiangukie sakafuni badala ya kupanda mpindo. Pima mwanga sehemu tano: kona nne na katikati. Tofauti ikizidi nusu stopu kati ya sehemu moja na nyingine (stopu moja ni mwanga mara mbili), endelea kuhamisha taa. Huna kipima mwanga? Tumia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, ya picha ya ukuta mtupu: ikiwa mlima mmoja mwembamba, uko vizuri; ikiwa na nundu mbili, ukuta na sakafu havilingani.

Kuna wanaokimbilia kuongeza nguvu ya taa za nyuma mpaka mstari upotee. Hupotea kweli, lakini mwanga hurudi kutoka ukutani na kumla mtu pembeni: nywele zinapauka, kingo za nguo nyeupe zinayeyuka. Ukuta ukizidi uso wa mtu kwa stopu moja hadi moja na nusu, inatosha.

Chanzo cha pili ni rangi yenye mng'ao. Hapa mstari huwa mweupe, si kijivu: ukanda unaong'aa umelala kwenye mpindo. Mpindo ni kama kioo kilichopinda, nao huikusanya taa na kuirudisha kwenye lenzi. Paka rangi ya maji isiyong'aa kabisa, ile inayoitwa mati, na tatizo limekwisha. Fundi akikushauri silki au rangi ya mafuta kwa sababu "inafutika", mshukuru na ukatae.

Chanzo cha tatu ndicho kinachouma: mpindo ni mdogo. Wangu wa kwanza ulikuwa na nusu kipenyo cha sentimita 30, kwa sababu nilikuwa bahili wa nafasi. Mpindo wa namna hiyo hugeuka haraka, na mabadiliko ya mwanga yanabanwa kwenye ukanda mwembamba ambao jicho la kamera linausoma kama mstari. Kwa picha za mtu mzima anayeonekana mpaka miguu, usishuke chini ya sentimita 60. Mimi napendelea 75, na sababu yangu ni ya kifundi kabisa. Urefu wa robo duara ni nusu kipenyo mara 1.57, kwa hiyo 75 inatoa karibu sentimita 118. Karatasi ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 ina upana wa sentimita 122. Inaenea mpindo mzima bila kiungo katikati, na zinabaki sentimita 4 za kupunguza. Ukipanda hadi 90, unahitaji sentimita 141, na hapo tayari umejiletea kiungo cha kulala, ambacho ni mama wa nyufa.

Mpindo uliokwisha kujengwa mdogo haurekebishiki kwa pati. Nimeona mtu amejaza pati unene wa vidole viwili ili kuulegeza. Ilidondoka kama mkate. Utavunja na kujenga mwingine mbele yake, au utakubali kupiga picha za kuanzia kiunoni kwenda juu.

Dalili ya 2: nyufa

Hapa ndipo malalamiko yanapojaa, na karibu watu wote hufanya kosa moja: wanaziba ufa bila kuuliza umetokea wapi. Mahali ufa ulipo ndipo jibu lilipo. Chukua penseli, weka kialama kwenye ncha mbili za kila ufa na uandike tarehe. Rudi baada ya wiki mbili. Ufa uliosimama unazibwa. Unaotembea kwanza unatafutiwa sababu.

*Ufa ulionyooka, unaosimama, kila baada ya futi 8.* Hicho ni kiungo cha karatasi mbili. Aidha hakikupigwa tepu ya nyavu, aidha kingo za karatasi hazikukutana juu ya ubavu, zinaning'inia hewani. Bonyeza kwa kidole gumba pande zote mbili za ufa. Upande mmoja ukizama, hakuna ubavu nyuma, na pati yoyote utakayoweka itapasuka tena. Kata dirisha dogo, ingiza kipande cha mbao nyuma ya kiungo, kipake gundi na ukikaze kwa skrubu kutoka pande zote mbili. Kama hakizami, fungua ufa kwa kisu uwe na umbo la V, futa vumbi, lalisha tepu ya nyavu, kisha piga pati mara tatu nyembamba: ya kwanza upana wa sentimita 10, ya pili 20, ya tatu 30. Kila mkono ukauke kabisa kabla ya mwingine. Fundi anayemaliza mikono mitatu kwa siku moja, mwezi wa Aprili, Dar es Salaam, anakudanganya.

*Ufa unaolala, juu, pale mpindo unapokutana na ukuta wa tofali.* Mbao na tofali ni ndugu wa mama tofauti. Mbao inavuta unyevu wa masika na kuvimba, kisha inakauka na kusinyaa, tofali halijali. Kiyoyozi kinazidisha: mchana kinakausha chumba, usiku unakizima na unyevu unarudi. Ukiunganisha vitu hivi viwili kwa pati ngumu peke yake, lazima itapasuka. Hakikisha ukingo wa juu wa plaiwudi umelalia ubao uliofungwa ukutani kwa fisha (plagi za plastiki za kushikia skrubu), na skrubu ziwe kila sentimita 15. Kisha funika kiungo kwa kitambaa cha nyuzi za faiba chenye upana wa sentimita 30 hivi, nusu kwenye plaiwudi na nusu kwenye plasta, kizamishwe ndani ya pati. Ikibaki mistari myembamba kama unywele, akriliki ya kujazia ile inayonyumbulika itaimaliza. Silikoni usiiguse, haipokei rangi.

Uliza pia mbao zilitoka wapi. Mbao mbichi iliyonunuliwa asubuhi na kupigwa misumari jioni itakuwa inajikunja kwa miezi. Mbao za kiunzi cha mpindo nazilaza ndani ya studio yenyewe wiki mbili au tatu kabla ya kuanza, zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite.

*Ufa unaolala, chini, pale mpindo unapoishia sakafuni.* Huyu ndiye msumbufu kuliko wote, kwa sababu ndipo watu wanapokanyaga. Ukingo wa plaiwudi ya milimita 3 hauwezi kufa na kuwa sakafu. Daima kuna ngazi ndogo inayojazwa kwa pati. Pati ya ukutani ni laini, kisigino cha kiatu cha bibi harusi kinaivunja siku ya kwanza. Dawa niliyoiona ikidumu inatoka gereji: pati ya magari, ile ya kuchanganya na hadina yake (dawa ya kuigandisha), wanayotumia mafundi wa bodi. Paruza sakafu kwa msasa mkali au grainda mpaka rangi ya zamani itoke, kaza ukingo kwa skrubu kila sentimita 10 hadi 15 ukiwa na ubao chini yake, kisha vuta pati hiyo kutoka ukingoni kuja mbele, ikonde mpaka iishe kabisa baada ya sentimita 30 au 40. Changanya kidogokidogo. Inaganda ndani ya dakika chache, na ukizidisha hadina itakugandia mkononi. Fungua madirisha, vaa barakoa ya kemikali, zima kila chenye cheche: mvuke wake unawaka.

*Nyufa nyingi ndogondogo kama utando wa buibui.* Pati imewekwa nene, au ilikaushwa kwa feni. Paruza, paka praima (rangi ya kwanza ya kushikishia), rudia nyembamba. Halina siri.

*Ufa wa mshazari.* Hapa simama. Ufa unaokatiza mpindo na kuendelea kwenye tofali juu yake, au unaoanzia kona ya mlango au dirisha, si wa studio, ni wa jengo. Ukiona umepita milimita 5, au mlango umeanza kugoma kufunga, au alama zako za penseli zimeachwa nyuma ndani ya wiki mbili, usiuzibe. Mwambie mwenye nyumba, na aletwe mhandisi wa majengo. Kuuziba ni kumfichia ushahidi. Na kama yeyote amekushauri uchonge nguzo au uondoe kipande cha ukuta ili mpindo upate nafasi, hiyo nayo ni kazi ya mhandisi kuisema, si ya fundi wala yako.

Dalili ya 3: mawimbi, mabonde na vilima

Ukuta unaonekana sawa, ila taa ikitokea ubavuni picha inakuwa kama bahari ya asubuhi. Mara nyingi ni pati iliyopigwa kwa mkono usiotulia. Chukua bomba la alminiamu la mita 2, lile mafundi wa plasta wanalokatia, na ulilaze kwenye mpindo kwa urefu, yaani kufuata upana wa ukuta. Mpindo umepinda upande mmoja tu, kwa hiyo bomba likilazwa hivyo linapaswa kugusa mwanzo hadi mwisho. Penye mwanga chini yake ni bonde: jaza. Linapocheza kama mzani ni kilima: paruza kwa msasa namba 80, malizia kwa 120 na 180, umefunga msasa kwenye kipande cha ubao. Msasa wa kushika mkononi hufuata wimbi, hauliondoi.

Kwa umbo la mpindo wenyewe, kata kipande cha hadibodi kwa umbo la robo duara lenye nusu kipenyo kilekile na ukitembeze mpindo mzima. Kichorwe kwa ubao mwembamba wenye tundu la msumari upande mmoja na la penseli upande mwingine. Kamba hunyumbuka na kukupa duara la yai.

Kama mabonde yanajirudia kwa umbali sawa, pati haina kosa. Mbavu zimekaa mbali. Gonga, sikiliza, utazihesabu. Plaiwudi ya milimita 3 inahitaji ubavu kila sentimita 30 hadi 40. Waliojenga kwa 60 ili kuokoa mbao huwa wanarudi kwangu. Kama nyuma kunafikika, ongeza mbavu. Kama hakufikiki, lalisha karatasi ya pili ya milimita 3 juu ya ya kwanza, kwa gundi ya mbao na skrubu fupi, viungo vyake visikutane na vya chini. Karatasi mbili nyembamba zilizogundishwa hushika umbo vizuri kuliko moja ya milimita 6 inayolazimishwa.

Mara chache plaiwudi ilipindwa kinyume. Itazame: nyuzi za juu kwa kawaida hufuata urefu wa futi 8. Ukiilaza urefu huo kufuata ukuta na kupinda ule upana wa futi 4, inakubali kama jamvi. Ukiisimamisha na kuipinda kwa urefu, inapingana, inatoa sauti, na pale isipovunjika inaacha mikunjo. Jipsamu ya kawaida ya milimita 9 au 12 usiijaribu kwenye mpindo wa sentimita 75. Itavunjika mgongo ndani ya karatasi yake, utaona nje imepinda vizuri, na mwezi ujao utakuta ile mistari.

Dalili ya 4: rangi inabanduka, au unga mweupe unatoka

Ikibanduka kwa vipande vilivyonyooka, jiulize kwanza umebandika nini. Wapiga picha hubandika tepu ya karatasi kila mahali kuweka alama ya pa kusimama, na wakiing'oa inaondoka na rangi. Vuta tepu polepole ukiikunja juu yake yenyewe, na usiiache ilale usiku.

Ikibanduka kama maganda ya kitunguu, rangi ilipakwa juu ya vumbi la pati au juu ya rangi ya mafuta ya mpangaji wa zamani. Kwangua vinavyong'oka, sugua kwa msasa mpaka mng'ao wa mafuta ufe, futa kwa kitambaa chenye maji, paka praima, kisha rangi. Karatasi ya marini bodi yenye utando wa kahawia juu haishiki rangi kabisa. Itumie kwa mbavu, si kwa uso.

Ukiona unga mweupe, malengelenge au doa linalokua kutoka chini, ni unyevu. Nyumba za karibu na bahari zinalijua hilo: maji yanapanda kwenye tofali, yanabeba chumvi, yanaiacha juu ya uso. Pima hivi: kata nailoni nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne bila kuacha mwanya, iache mpaka kesho. Asubuhi ukikuta matone chini yake au zege limegeuka jeusi, usipake kitu. Kama sakafu ni mpya, ipe siku 28 kwanza. Kama ni ya siku nyingi na bado inalia, tafuta bomba linalovuja, mfereji ulioziba nje, au paa. Ukishindwa kupata chanzo, ita fundi bomba au fundi ujenzi mzoefu wa unyevu. Rangi ya kuzuia maji ikipakwa kwa ndani huhamisha tatizo futi moja juu, basi.

Tahadhari moja hapa. Kwenye majengo ya zamani, kabla ya kuparuza rangi kuukuu au kutoboa karatasi za kijivu za dari, fahamu kwamba rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na karatasi za namna hiyo huweza kuwa na asibestosi, nyuzi zinazodhuru mapafu. Usizipige msasa mkavu. Muulize mwenye nyumba, na kama hana jibu, mtafute anayejua kabla ya kutimua vumbi.

Dalili ya 5: nyeupe siyo nyeupe

Ukuta unatoka na ukijani, unjano au uchungwa. Angalia nyuma yako kabla ya kuangalia mbele. Pazia la kitenge, ukuta wa pembeni uliopakwa pichi, bati jekundu la jirani nje ya dirisha: vyote vinamwaga rangi yake kwenye ukuta mweupe. Funika kwa shuka jeupe au jeusi upige tena. Halafu zima taa za dari. Tyubu na balbu za LED zikichanganyika na flashi au na mwanga wa dirisha, hakuna mpangilio wa kamera utakaozipatanisha. Kisha piga picha ya kadi ya kijivu na uitumie kurekebisha mizani ya weupe, yaani jinsi kamera inavyosoma nyeupe.

Baada ya hayo yote, ndipo ulaumu rangi. Rangi nyeupe ya mafuta hugeuka njano yenyewe, hasa chumba kikikaa gizani. Na makopo mawili ya nyeupe kutoka duka moja yanaweza kutofautiana. Yamwage yote kwenye ndoo moja kubwa, koroga, ndipo upake, na ubakize lita chache kwenye chombo kilichofungwa. Alama za viatu haziwekewi kiraka, kwani kiraka huonekana kuliko alama. Paka sakafu nzima mpaka upite mpindo, uishie pale picha zako haziingii.

Dalili ya 6: inalia kama ngoma, inabonyea

Ikiwa inabonyea mahali pamoja, kuna mtu amekanyaga mpindo. Watoto ndio wazee wa kazi: wakiona mteremko, wanaona pembea. Kagua skrubu zilizochomoka, kaza mpya sentimita 3 pembeni yake, usirudie tundu la zamani. Waonyeshe wateja mwisho wa kusimama, sentimita 20 kabla ya mpindo kuanza.

Ikiwa inalia mpindo mzima, soma tena kuhusu mbavu hapo juu.

Ikiwa jana haikulia na leo inalia, na ukigonga unasikia utupu, tafuta vijia vya udongo kwenye ukuta wa pembeni au unga wa mbao sakafuni. Ni mchwa au wadudu wa mbao. Usipulizie dawa ya mbu na kufunga. Mchwa wanatoka ardhini, na ukiua wanaoonekana umewaudhi tu. Ita mtu wa kuzuia wadudu, na ubadilishe kila ubavu unaoingia bisibisi bila kugoma.

Na usitoboe kabla ya kujua nyaya zinapita wapi. Kwa kawaida bomba la waya hupanda wima juu ya soketi na swichi. Zima meni swichi kabla ya kukata dirisha lolote kwenye ukuta. Ukikuta soketi imefunikwa nyuma ya mpindo, au ukuta unatoa joto, harufu ya kuungua au sauti ya kuchacharika, zima umeme wa fremu nzima, mtafute fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na usiwashe taa ya studio mpaka amalize.

Kona ya kuta tatu

Ukiwa na kuta mbili na sakafu, kuna pembe ambayo mipindo mitatu inakutana, na plaiwudi haipindi pande mbili kwa mara moja. Wengi huikata vipembe kama machungwa na kuijaza pati, nayo hupasuka kwenye kila mshono. Nilipofanikiwa, nilifunga wavu wa kuku juu ya mbavu zilizokaribiana, nikaupiga plasta ya jipsamu kwa mikono mitatu, na nikauchonga kwa bakuli la plastiki lililovishwa msasa. Kazi ya siku nne kwa eneo la mita moja. Kama picha zako ni za mtu mmoja mmoja, jenga ukuta mmoja tu.

Ukifika kwenye kufunga, acha tundu la ukaguzi pembeni mwa mpindo, upande ambao kamera haifiki, lenye kifuniko cha skrubu mbili na upana wa kuingiza kichwa na tochi. Langu lina sentimita 40 kwa 40. Nalifungua kila mwisho wa masika.